Nyumba Aliyoichagua Mama

Wamagana, Tetu
11 Februari 2025

Ngendo dada yangu,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi ni wazima, ng'ombe ni wazima, na yule mtamba uliyemwacha akiwa ndama sasa ana mimba, habari iliyomfurahisha Mama kuliko harusi yoyote ya ukoo huu. Beth jirani anakusalimu sana na anauliza kama huko Uingereza mnakula viazi. Nimemwambia mnakula mpaka mmeanza kufanana navyo.

Umeniuliza kwa nini mtu mzima mwenye simu ananunua stempu. Sababu ni kwamba Mama husikiliza simu kwa sauti ya nje, na chochote ninachokuandikia WhatsApp hufika kwenye kundi la ukoo kabla hujakisoma wewe. Bado sijajua ni nani anayekipeleka, ingawa siku moja nilikipeleka mwenyewe kwa kidole kibaya. Barua ni salama. Na naandika kwa Kiswahili kwa sababu Mama husoma Biblia ya Gikuyu bila miwani, lakini Kiswahili humchosha kabla ya mstari wa tatu. Akiiona hii barua atadhani ni mambo ya kodi na ataiweka chini.

Sasa jambo lenyewe. Nyumba imekwisha. Munene fundi amenikabidhi ufunguo, na mchungaji ameiombea kwa muda mrefu hadi chai ikapoa. Nakutumia picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni. Ni nyumba nzuri, Ngendo. Watu hupunguza mwendo wakipita barabarani. Mama ameweka vitambaa kwenye sofa, na vitambaa vingine juu ya vile vitambaa ili visichafuke.

Uliuliza kama kifua chake kimepata nafuu tangu aanze kupika kwa gesi. Hewa ya huku ni nzuri sana mwezi huu. Mvua haijaanza.

Ni mimi kaka yako,
Kingori


Leeds
16 Machi 2025

Kaka Kingori,

Barua yako imenifikia ikiwa na alama ya kikombe cha chai kwenye bahasha, sijui ni chako au cha posta. Namshukuru Mungu kwa uzima wenu. Mimi niko salama. Baridi inapungua, na jirani yangu wa juu ameacha kujifunza tarumbeta. Mpe Beth salamu na umwambie viazi tunavyo, ila havina ladha ya udongo wa Tetu.

Kazi ni ile ile, ambayo najua bado huwezi kuieleza pale kanisani. Nakukumbusha tena: nalipwa kupanga vitu ili watu wachague vizuri bila kusukumwa. Mwaka jana, katika mkahawa wa hospitali moja, tulihamisha matunda yakawa karibu na mahali pa kulipia, na keki zikasogezwa kwenye kona. Watu wakaanza kula matunda. Hawakuhubiriwa wala hawakukatazwa chochote. Wewe ukaenda ukawatangazia watu wa Wamagana kwamba nauza matunda.

Nimeitazama picha ya ubavuni kwa makini. Nyumba inapendeza. Lakini nyuma ya bega la nyumba, pale kwenye ukingo wa picha, naona paa la jiko la zamani, na juu ya paa naona moshi.

Kingori, ule moshi ni wa nani?

Usinijibu kuhusu mvua. Unakumbuka daktari alituambia nini, mimi na wewe tukiwa tumesimama kwenye korido yake: mapafu ya Mama yamechakaa kwa moshi wa kuni, na akiendelea kupikia mle ndani hatafika mbali. Ndiyo sababu tulijenga. Sikuchora nyumba ili watu wapunguze mwendo barabarani. Niliichora ili Mama apumue.

Nikimpigia simu ananiambia, "Nyumba ni nzuri sana, mama yangu, ubarikiwe." Namuuliza anapikia wapi, naye ananiuliza kama nimepata mume.

Dada yako,
Ngendo


Wamagana
2 Aprili 2025

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mvua imeanza na matope yamefika hadi kwenye heshima ya mtu. Juzi niliteleza mbele ya mzee Wambugu nikiwa nimebeba mkebe wa maziwa. Aliuhurumia mkebe.

Ule moshi ni wa githeri.

Nitaeleza. Chai ya wageni hupikwa kwa gesi, na nimeiona kwa macho yangu ikifika sebuleni. Mchungaji akija, gesi inawashwa, vikombe vya maua vinatoka kabatini, na Mama anatembea kwenye vile vigae polepole kama mtu aliye katika benki. Ila githeri, Mama anasema, mahindi yake na maharagwe hayawezi kuiva kwa gesi bila kumaliza mtungi. Halafu kuna maji ya kuoga. Halafu kuna ugali, kwa sababu ugali wa gesi ati hauna nguvu. Kwa hiyo, ukiondoa chakula na maji, kila kitu kinapikwa kwa gesi.

Nimejaribu kumwambia. Nilisema, "Mama, daktari alikataza moshi." Akanijibu, "Huyo daktari mama yake alimpikia na nini?" Mimi si mtu wa kushindana na Mama. Wewe ndiye mtaalamu wa kuwafanya watu wachague bila kusukumwa, na mimi huku ni mtu wa ng'ombe, ambao husukumwa. Nipe dawa.

Kaka yako,
Kingori


Leeds
27 Aprili 2025

Kaka,

Habari za Pasaka? Hapa nilisherehekea kwa kulala. Nafurahi mvua imekuja, na nakupa pole kwa kuanguka, ingawa nilicheka mpaka yule jirani wa tarumbeta akagonga sakafu.

Sasa sikiliza, maana hii ndiyo kazi yangu. Watu hudhani wanachagua kwa kichwa, lakini sehemu kubwa huchagua kwa mkono: kile kilicho karibu, kile kilichozoeleka, kile kisichohitaji kuinuka. Mama hachagui moshi. Anachagua mahali ambapo kila kitu kimeshampangia kupika. Kwa hiyo tusibishane naye. Tubadilishe mpangilio.

Kwanza, mlundo wa kuni uhamishe, uupeleke nyuma ya zizi, mahali ambapo mtu lazima avuke matope. Usimwambie ni kwa nini. Pili, kile kigoda chake cha miguu mitatu kipeleke kwenye jiko jipya, karibu na dirisha. Tatu, maharagwe, mahindi, chumvi na sufuria nyeusi vyote viingie kwenye kabati jipya. Akitaka kupika kule atakuwa akibeba vitu kila wakati, na mtu huchoka kubeba.

Lakini chunga sana, usifunge mlango wa jiko la zamani. Ukimfungia mtu mlango, unampa sababu ya kuutaka. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Fanya hivyo kisha unipe habari. Nina hakika kama nilivyo na jina.

Ngendo


Wamagana
30 Mei 2025

Dada yangu mtaalamu,

Tunakusalimu. Yule mtamba amezaa jike, na Mama amempa ndama jina lako. Usikasirike, kwa Mama hiyo ni heshima kubwa.

Nilifuata maagizo yako. Nilihamisha kuni nikiwa peke yangu siku Mama alipokwenda mazishini, na mgongo wangu haujanisamehe. Niliweka kigoda dirishani. Nilipanga maharagwe kwenye kabati kwa unadhifu ambao ungenipatia mke.

Mama aliporudi alitazama pale kuni zilipokuwa, akanitazama mimi, akaingia ndani kuvua nguo za mazishi. Nikadhani umeshinda. Kumbe siku iliyofuata alimwambia Beth, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba siku hizi kuni zimekuwa mbali kwake. Beth aliwaambia akina mama wa kanisa. Na wewe na mimi, kwa elimu yetu yote, tulikuwa tumesahau kitu ambacho mtoto yeyote wa Tetu anajua: nyumba mpya haiingiwi mikono mitupu. Walikuwa bado hawajaleta itega, zile zawadi za akina mama kwa mwenye nyumba mpya.

Ngendo, walikuja Jumamosi wakiimba. Wachache walibeba sufuria na blanketi. Waliobaki walibeba kuni mgongoni kwa mikanda, kama zamani za nyanya zetu, kwa sababu walikuwa wamesikia kwamba mama yetu Monicah amejengewa nyumba na hana kuni. Walizipanga kwenye ukuta wa jiko la zamani, mlangoni kabisa, mpaka chini ya paa. Ukikaa ndani sasa, unanyoosha mkono tu unapata kuni. Na mimi ndiye niliyesimama nikatoa hotuba ya kushukuru.

Baada ya hapo nilipandwa na hasira, na nikafanya lile ulilonikataza. Niliweka kufuli. Nikamwambia Mama ufunguo umepotea. Akasema, "Sawa." Akaenda akaweka mafiga nje, kwenye uwanja, mahali ambapo kila anayepita barabarani anaona, akawasha moto pale akiwa amejifunika gunia kichwani kwa sababu ya manyunyu. Kabla ya chakula kuiva, mzee wa kanisa alikuwa langoni kwangu. Ati amesikia kwamba mama mzazi amefungiwa jiko na watoto wake waliosoma.

Ufunguo ulipatikana. Ulikuwa mfukoni mwangu wakati wote, na nafikiri mzee aliusikia ukilia.

Sijui tumekosea wapi. Anakohoa.

Kingori


Leeds
22 Juni 2025

Kaka Kingori,

Nakusalimu, na namsalimu yule ndama. Nilisoma barua yako nikiwa kwenye treni, nikacheka kwa sauti, na baada ya kufika kwenye lile neno la mwisho nikashuka kituo kisicho changu.

Kinyozi hajinyoi. Nitakuambia mambo mawili ambayo sikutaka uyajue, kwa kuwa nawe umenipa habari ya kufuli.

La kwanza ni zile ramani tatu. Unakumbuka niliwaletea ramani tatu mezani na kusema, "Mama, chagua mwenyewe"? Ile ya kwanza ilikuwa kubwa kama shule. Ile ya tatu nilichora vibaya makusudi, chumba kimoja kama kibanda cha kuuzia nyanya. Nilijua atachukua ya katikati, kwa sababu ukimpa mtu kubwa mno na ndogo mno, mkono wake huenda katikati. Akaichukua. Akaibusu ile karatasi. Mimi nikampigia makofi kwa kuchagua vizuri.

La pili ni baya zaidi. Mwezi wa tatu, kabla barua yako ya githeri haijafika, nilihutubia mkutano wa wabunifu wenzangu. Nilionyesha picha ya nyumba ya Mama kwenye ukuta mzima. Nikasema, "Huyu ni mama yangu. Alichagua mwenyewe, na leo anapumua vizuri." Nilikuwa nimeukata ule ukingo wa picha wenye moshi. Watu walisimama wakapiga makofi, na mwanamke mmoja alilia. Tangu siku hiyo kila nikitaka kuomba likizo nije nyumbani, nakumbuka kwamba nikija nitaona, na nikiona sitaweza tena kusimulia.

Basi tuache mbinu. Nimeisoma barua yako mara nyingi na kuna mtu mmoja ambaye hayumo. Umeniambia Mama anapika wapi, mchungaji anakunywa wapi, kuni zimelala wapi. Hujaniambia kitu kimoja kidogo.

Wewe unakula wapi?

Ngendo


Leeds
24 Julai 2025

Kaka,

Salamu. Natumaini ni posta tu. Nimepiga simu mara kwa mara na kila mara unasema Mama amelala. Mama yetu halali mchana. Hata akiwa na homa huchambua mboga.

Nijibu hata mstari mmoja.

Ngendo


Mjini Nyeri
29 Julai 2025

Ngendo,

Leo salamu ni fupi. Nakuandikia kwenye benchi la hospitali, juu ya karatasi niliyopewa na muuguzi.

Mama amelazwa. Usiogope, hali imekuwa afadhali, ndiyo maana nina nguvu ya kuandika. Unajua baridi ya huku mwezi wa saba, ukungu haupandi mpaka mchana. Alikuwa akifunga mlango wa jiko ili joto lisitoke, na moshi nao haukutoka. Nilimkuta ameshika ukuta, midomo ina rangi ya zambarau. Nilikuambia amelala kwa sababu sikuwa na neno lingine. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nayaficha yasiyo yangu.

Uliniuliza nakula wapi. Ile barua nimeibeba mfukoni karibu mwezi mzima, pale ufunguo ulipokuwa.

Nakula kwenye jiko la zamani. Kila jioni. Tangu nyumba iishe sijaingia kwenye jiko jipya zaidi ya ile siku ya kupanga maharagwe, na siku ile Mama hakuwepo.

Chukua ramani yako uitazame. Ili mtu afike kwenye jiko, lazima aingie mlango wa mbele, apite sebuleni, kisha afuate ile korido nyembamba, na kwenye korido, upande wa kulia, kuna mlango wa chumba cha kulala cha Mama. Mlango huo Mama haufungi, anasema anataka kuona anayekuja. Kitanda kinaonekana chote. Ngendo, mimi ni mwanamume niliyetahiriwa. Nina miaka arobaini na saba na ndevu zina mvi. Nitapitaje kila jioni mbele ya kitanda cha mama yangu ili nikale? Najua ni mambo ya zamani. Najua wenzangu wa mtaa wa Skuta hapa mjini wanaishi na mama zao kwenye vyumba viwili na hawajapigwa na radi. Najiambia hivyo, kisha nafika sebuleni na miguu inakataa. Nakaa hapo juu ya vitambaa kama mgeni.

Nililiona tangu kwenye karatasi. Munene aliponiuliza kama ramani ni sawa, nilisema ni sawa. Nilitaka uone kwamba kaka yako si mshamba. Nikawa mshamba na pia mwongo.

Jana nilimwambia Mama yote haya. Alikuwa na ile mipira ya hewa puani. Alinisikiliza, akasema, "Wewe Kingori. Kwani unafikiri mimi napenda kuketi kwa moshi? Mimi hupika huko kwa sababu ndiko wewe hukuja." Nikamwambia mimi huenda kule kwa sababu ndiko anakopika, na macho yangu hutoka machozi mpaka ng'ombe wananishangaa. Nilidhani yeye ndiye anayelipenda lile jiko. Akasema, "Mimi nilifikiri ni wewe."

Miezi yote hiyo, wewe ukipanga kuni na mimi nikifunga kufuli, watu wawili walikuwa wakikaa kwenye moshi kwa ajili ya adabu. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza mwenzake. Karibu adabu imuue.

Kingori


Leeds
14 Agosti 2025

Kaka yangu,

Nimeongea na Mama leo asubuhi kwa simu ya muuguzi, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza habari za mume. Sauti yake ni nyembamba lakini ni yake. Asante kwa kuniandikia. Asante kwa kukaa kwenye benchi.

Nimeitazama ramani. Nilikiweka chumba cha kulala karibu na jiko kwa sababu ya magoti yake, na kwa sababu ya joto. Nilipima kila kitu. Nilifikiria magoti, mapafu, upepo, jua la asubuhi. Nilivaa miwani yangu ya kitaalamu nikauliza: huyu mama ataamuaje? Na nikamchora peke yake, kama mtu aliye katika mkahawa wa hospitali akiwa na sinia yake mkononi. Sikumchora na mtu wa kumpikia.

Na unajua ni kwa nini sikuuona ule mlango? Kwa sababu mimi ni binti. Nimeingia chumbani kwa Mama tangu nizaliwe. Nimelala kwenye kitanda chake, nimejaribu viatu vyake, nimelia kwenye mto wake. Kwangu ule ni mlango tu. Haikunijia kabisa kwamba watoto wawili wa tumbo moja wanaweza kuutazama mlango mmoja, mmoja akaona njia na mwingine ukuta. Nimesomea hayo. Nina karatasi ya chuo iliyo kwenye fremu.

Nimechora mlango wa nyuma. Utatoka jikoni moja kwa moja hadi uwanjani, upande wa zizi, bila kupita popote. Mpe Munene. Akikuuliza kama ni sawa, tafadhali fikiri kwanza.

Kuhusu mkutano, nimewaandikia waandaaji na kuomba nafasi nyingine ya kuzungumza. Nimewaambia hotuba yangu ilikuwa na kasoro pembeni.

Nimeomba likizo pia. Wamenipa Desemba. Usimwambie Mama bado, ataanza kuchinja.

Ngendo


Wamagana
20 Septemba 2025

Ngendo dada yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, hasa kwa yule ndama jina lako, ambaye amejifunza kufungua lango na hatumwamini tena. Beth anakusalimu. Mzee Wambugu ananisalimu mimi siku hizi, kwa hiyo heshima yangu imeanza kukauka.

Munene alitoboa ukuta kabla Mama hajarudi. Aliniuliza kama ramani ni sawa. Nilifikiri mpaka akaniuliza kama naumwa. Mlango umekaa vizuri, unafunguka kuelekea zizi, na mtu anaingia na matope yake bila kumsumbua yeyote.

Siku Mama alipotoka hospitali sikumwambia lolote. Jioni nilikama, nikaingia kwa ule mlango wa nyuma, nikaketi jikoni juu ya kigoda, nikangoja. Yeye alikuwa amekwenda moja kwa moja kwenye jiko la zamani na alikuwa ananingojea kule. Tukangojana hivyo, kila mtu na jiko lake, nikaanza kuwaza kwamba tutakufa njaa kwa tabia njema. Nikapiga kelele, "Mama! Mimi niko hapa na niko na njaa!" Alikuja amebeba sufuria. Akasimama mlangoni, akatazama mlango, akanitazama. Akasema, "Kumbe unaweza kuongea." Akawasha gesi. Githeri iliiva. Mtungi haukuisha.

Beth naye amekuwa akiingia huko huko, bila hodi, na mchungaji akafuata, na sebule sasa ni ya vitambaa pekee. Kuni za itega Mama ameanza kuwagawia watu wenye misiba.

Lakini nimechukua karatasi ili nikuambie la juzi.

Unajua naamka kukama wakati bado kuna giza kidogo. Kila asubuhi, nikipita chini ya dirisha la Mama, namsikia akikohoa. Miaka mingi sasa. Sikuwa nimejua kwamba nasubiri kile kikohozi. Nikikisikia, naendelea na ndoo zangu, na moyo unasema, yupo.

Juzi nilipita sikusikia kitu. Nikasimama. Nikangoja. Hakuna. Hata jogoo alinyamaza. Nikaweka ndoo chini, na kitu nilichokumbuka baada ya hapo ni kwamba nilikuwa ndani. Nilikuwa nimepita mlango wa nyuma, nikapita jiko, nikapita korido, na nilikuwa nimesimama katikati ya chumba cha kulala cha mama yangu, karibu na kitanda, ninahema kama ng'ombe anayezaa. Sikuamua. Kama mtu angeniuliza pale nje, "Kingori, utaingia?" ningesema haiwezekani. Miguu haikuniuliza.

Mama alifungua macho. Alikuwa amelala tu, Ngendo. Alikuwa amelala usingizi wa mtu ambaye kifua chake hakina kazi ya kumpa. Alinitazama kuanzia kichwani hadi chini, mimi mwanawe mwenye mvi, ndani ya chumba cha mama, mahali ambapo sijakanyaga tangu nikiwa mvulana.

Akasema, "Gambuti."

Nikatazama chini. Nilikuwa nimeleta zizi lote kwenye zulia ulilomtumia. Nikazivua zile buti. Halafu, badala ya kutoka, nikaketi kwenye ukingo wa kitanda chake na nikalia kwa sauti, jambo ambalo sitalirudia mbele ya mtu, na wewe usiliandike popote. Mama hakuuliza nalia nini. Alisogea kidogo kuelekea ukutani ili nipate nafasi, akaniwekea mkono mgongoni, akalala tena.

Nilikaa pale nikimsikiliza akipumua. Ng'ombe walikamwa wakiwa wamechelewa, na maziwa yalikuwa kidogo.

Kaka yako,
Kingori